Unguja au Pemba?

Siku chache zilizopita tulipokea bahasha moja yenye barua mbili. Ya kwanza imeandikwa na mwalimu wa historia wa Kalemie, mji ulio ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Ya pili imeandikwa na mke wake, ambaye amekuwa mkunga kwa miaka 22. Wamecheza likelemba na majirani, wakaongeza akiba yao wenyewe kidogo kidogo, na sasa wana fedha za kwenda kupumzika kando ya bahari majuma mawili, mwezi wa Julai, masomo yatakapokwisha. Watoto watabaki kwa nyanya yao. Ni mara ya kwanza tangu siku ya arusi yao kusafiri pamoja pasipo msiba wala kazi, na wenyewe wasema kwamba labda mara ya pili haitakuwapo.

Wamepatana juu ya bahari, wamepatana juu ya mwezi, wamepatana hata juu ya fedha. Hawakupatana juu ya kisiwa. Bwana ataka Unguja, Mama ataka Pemba. Mwalimu ametuandikia kurasa tatu zenye sababu zake zote. Mkunga ameandika mistari minne tu, na katika mistari hiyo mna maneno haya: «Mimi nataka kwenda mahali ambapo hakuna mtu atakayenigongea mlango usiku.»

Mtu mwenye akili huogopa kuingia kati ya mume na mke. Lakini visiwa vyote viwili tumevitembelea, na tumeombwa kwa heshima. Basi tutasema tulivyoona.

Unguja na Pemba ni ndugu wa tumbo moja ambao hawakulelewa sawasawa. Vyote viwili ni vya Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika mwaka 1964 ikawa Tanzania. Unguja ni kisiwa kikubwa zaidi: urefu wake wapata kilometa 85, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta huko watu zaidi ya 1,300,000. Pemba iko upande wa kaskazini, yapata kilometa 50 kutoka Unguja. Ina urefu wa kilometa 67 na watu karibu 540,000. Kati ya Unguja na bara bahari si ya kina kirefu, na zamani za kale kisiwa hicho kilishikana na bara. Pemba haikuwa hivyo. Mkono wa bahari unaoitenga na bara una kina cha mita 800, na kwa sababu ya kukaa peke yake muda mrefu namna hiyo, Pemba ina viumbe vyake visivyopatikana penginepo, kama popo mkubwa mwekundu ambaye tutamtaja tena. Unguja ni nchi tambarare. Pemba ni vilima na mabonde, kijani kila upande, hata Waarabu wa kale waliiita Kisiwa cha Kijani.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Walio wengi kabisa walilala Unguja, na Pemba hawakuiona hata kwa mbali. Mama mkunga, bila shaka, tayari amekwisha kutabasamu.

BAHARI INAYOHAMA

Kabla ya kusema lolote juu ya hoteli na bei, kuna jambo moja ambalo mtu wa ziwa hana budi kulijua. Sisi hatukulijua, na tulilipa.

Ninyi mnaokaa kando ya Tanganyika au Kivu mmezoea maji yanayokaa mahali pake. Huchafuka kwa upepo, hupiga mawimbi, lakini jioni huyakuta pale ulipoyaacha asubuhi. Bahari sivyo. Mara mbili kila siku maji hujaa, na mara mbili hupwa. Toka kujaa hata kupwa ni kadiri ya saa sita, na kila siku majira husogea mbele karibu dakika 50, kwa kuwa maji humfuata mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na katika visiwa hivi tofauti yaweza kufika karibu mita 4. Kati ya bamvua na bamvua huja maji mafu, nayo husogea kidogo tu.

Sasa sikieni. Mara ya kwanza tulipokwenda Unguja, tulichagua nyumba ya wageni kwa kutazama picha. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki. Picha ilionyesha mchanga mweupe, minazi imeinama, na maji ya rangi ya samawati yakigusa karibu ngazi za nyumba. Tulifika saa sita mchana, tumechoka kwa safari, jasho latutoka, nia yetu ni kujitupa majini kabla ya kula. Tulitoka na mataulo mabegani. Bahari haikuwapo. Palikuwa na uwanja wa mchanga wenye madimbwi, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka, na mbali sana mstari mweupe wa povu. Mzee mmoja alikuwa akishona wavu kivulini. Tulimwamkia, «Shikamoo, babu», tukamwuliza maji yamekwenda wapi. Akajibu kwa upole, pasipo kucheka, nasi tunamshukuru hata leo kwa kutocheka: «Maji yamekupwa, wageni. Jioni yatarudi. Kaeni mle kwanza.»

Picha haikusema uongo. Ilipigwa saa ambayo bahari ilikuwa nyumbani.

Sababu yake ni mwamba wa matumbawe. Upande wa mashariki wa Unguja, huko Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, mwamba huo uko mbali na pwani, na kati ya mwamba na mchanga maji ni haba. Yakipwa, mtu aweza kutembea zaidi ya kilometa moja kabla hajalowa magoti. Uwanja huo si mtupu. Ni shamba. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na Jambiani hulima mwani: hupigilia vijiti mchangani, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na maji yakipwa huenda kuvuna wameinama, kanga zimelowa hata kiunoni. Mwani hukaushwa na kuuzwa nchi za nje, ambako hutumika katika vyakula, dawa ya meno na vitu vingine vingi. Wengine hutafuta pweza mashimoni kwa kijiti. Tulipokwisha kusahau hasira yetu, tulikaa saa nyingi tukiwatazama, na tuliona kwamba katika safari nzima hatukuona kitu kizuri kuliko wanawake wale wakirudi kwa wimbo maji yalipoanza kuwafuata nyuma. Lakini aliyeokota fedha za likelemba kwa ajili ya kuogelea yafaa aambiwe ukweli: mashariki mwa Unguja utaogelea saa bahari ipendapo.

Kaskazini ni habari nyingine. Huko Nungwi, na zaidi huko Kendwa, sakafu ya bahari yashuka upesi, na maji hayaendi mbali. Mtu huogelea asubuhi, adhuhuri na jioni. Zaidi ya hayo, mwezi wa Julai ni wakati wa kusi, upepo utokao kusini-mashariki, wenye nguvu na ubaridi kidogo. Kusi huupiga upande wa mashariki, ambapo vijana wa Ulaya husimama juu ya vibao na kuvutwa na matiara makubwa, bali Kendwa, ikiuelekea upande wa machweo, hukingwa. Kama mwalimu na mkunga wangekuwa na watoto wao, tungeandika neno moja tu, Kendwa, na makala hii ingekwisha hapa.

Lakini Nungwi na Kendwa, tuseme wazi, ni soko. Hoteli zimebanana, ngoma hupigwa usiku wa manane, na mchangani hutaweza kukaa nusu saa pasipo mtu kukuletea shanga, safari ya mashua au miwani. Watu hao hutafuta riziki, hatuwalaumu. Bali kwa mama aliyechoka kuitwa, ni kuitwa tena.

SABABU ZA MWALIMU

Katika kurasa tatu za mwalimu, bahari haimo ila mara moja. Yeye ataka kuuona Mji Mkongwe. Kwa miaka mingi amewafundisha watoto wa Tanganyika na Maniema habari za Tippu Tip, naye hajapata kuiona nyumba yake. Nyumba hiyo ingali ipo mtaa wa Shangani, na mlango wake wa mbao iliyochorwa. Hamed bin Muhammad, ndilo jina lake la kweli, alizaliwa Unguja, akafika Kasongo, akatawala nchi kubwa kwa bunduki na biashara, na mwaka 1887 mfalme Leopold wa Pili akamfanya liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Alirudi kwao, akafa mwaka 1905, naye ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Lugha hii tunayoiandika hapa ilifika kwetu kwa njia ile ile ya misafara yake na ya wenzake. Si jambo dogo kwa Mkongomani kusimama mbele ya mlango ule.

Mahali pengine pako umbali wa kutembea kwa miguu: soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Juu yake Waanglikana walijenga kanisa lao kubwa, na uani, katika shimo, zimesimama sanamu za watu watano wenye mnyororo shingoni. Ziliwekwa mwaka 1998. Tulipofika, kikundi cha wageni kilikuwa kikipiga picha na kucheka jambo jingine kabisa. Hatukuweza kucheka. Kati ya waliouzwa pale walikuwamo watu wa kwetu.

Mji wenyewe uliandikwa mwaka 2000 na UNESCO kati ya urithi wa ulimwengu. Vichochoro vyake ni vyembamba, na mgeni hupotea mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Njia ya kujiokoa ni kutafuta juu ya mapaa minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890. Hapo pia mtasikia misa ya Dominika. Jioni nendeni Forodhani mle urojo na pweza wa kuchoma, lakini ulizeni bei kwanza. Jumba la Beit al-Ajaib, fahari ya Sultani Barghash tangu 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, basi mwalimu asikasirike akiona jengo halipo kama lilivyo katika vitabu vyake.

Je, mji huu wataka majuma mawili? Hapana. Siku mbili zatosha, tatu kwa mwalimu wa historia.

SABABU ZA MKUNGA

Pemba haina mji wa namna hiyo. Ina Chake Chake, Wete na Mkoani, miji midogo ambamo duka hufungwa mwenyewe akienda kusali, na halua ya Wete yasifiwa kisiwani kote. Ina sifa ya waganga pia. Hilo tuliliacha lipite. Mwezi wa Julai huanza msimu wa karafuu, na hapo kisiwa kizima hunukia. Vijana hupanda mikarafuu mirefu na kuchuma matumba kabla hayajafunguka kuwa maua. Nyumbani wazee na watoto huchambua, karafuu huku na vikonyo huku. Kisha huanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, na kukivuma wingu kila mtu hukimbia. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, na tangu hapo Pemba ndiyo nyumba ya karafuu. Mwalimu atakumbuka ni mikono ya nani iliyoipanda ile ya kwanza. Historia yake atapata hata huku: pwani moja nzuri ya kaskazini yaitwa Panga ya Watoro.

Pwani zenyewe ziko mbali na miji, nazo karibu ni tupu. Ili kufika Vumawimbi hupita ndani ya msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu wa asili, ambamo huishi yule popo wa Pemba, mkubwa kama mwewe, uso kama wa mbweha. Ukitoka chini ya miti giza likingali machoni, mara mchanga mweupe wafunguka kushoto na kulia, na tulipofika sisi hapakuwa na mtu isipokuwa wavulana wawili na punda. Upande wa magharibi kuna kisiwa kidogo cha Misali, kilichohifadhiwa tangu mwaka 1998, ambako kasa hutaga mayai na samaki ni wengi hata aliyevaa miwani ya majini husahau kupumua.

Lakini tusimpake Mama asali mdomoni. Hoteli za Pemba zilizo pwani zahesabika kwa vidole, na kwa kuwa ni chache, ni ghali. Moja ina hata chumba chini ya maji tangu 2013, ambacho hatukuthubutu kuuliza bei yake. Nyumba za wageni za bei nafuu ziko mijini, nazo ni safi, ila kutoka mjini hata Vumawimbi ni safari ya gari, na gari hilo sharti likodiwe. Jioni hakuna pa kwenda. Mwanamume asiyejua kukaa kimya atateseka siku ya tatu. Na katika visiwa vyote viwili, kwa kuwa wenyeji karibu wote ni Waislamu, mavazi ya kuogelea ni ya pwani tu, si ya sokoni. Huko Pemba jambo hili huangaliwa zaidi. Mama wa Kalemie mwenye kitenge chake hatakuwa na shida. Wenyeji watamwita shangazi.

NJIA

Safari ya Kalemie hata Kigoma waijua wenyewe: ni kuvuka ziwa. Kutoka Kigoma kuna basi, na kuna reli ya kati iliyofika huko mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam boti ziendazo kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Wasisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana mtu atokaye Kongo ataulizwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 serikali ya Zanzibar hutaka wageni wa nchi za nje wawe na bima yake ya safari. Waulize habari zake kabla ya kuondoka.

Kutoka Unguja hata Pemba ndipo twataka watusikilize. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa watu kupita kiasi, ikazama katika mkondo karibu na Nungwi. Tume iliyochunguza ilihesabu waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Hakuna kijiji cha Pemba kisichokuwa na jina la kutaja. Sisi watu wa maziwa hatuhitaji kufafanuliwa: tarehe 3 Oktoba 2024 tuliwalilia wetu karibu na Goma, nao walikuwa karibu kufika bandarini. Leo kuna boti bora kwenda Mkoani, na watu wengi husafiri salama. Hata hivyo mwezi wa Julai kusi huuchafua mkondo ule, na ndege ndogo hutoka Unguja ikafika Chake Chake kwa muda wa nusu saa. Kama fedha zatosha jambo moja tu la anasa, ziwe kwa ndege hiyo. Wakipanda boti, wahesabu watu kwa macho yao wenyewe, na wakiona imejaa washuke, hata kama tikiti imekwisha kulipwa.

Basi twaamua. Njia ya Pemba yapita Unguja, mwalimu apende asipende kushinda. Wakae Mji Mkongwe siku tatu, auguse mlango wa Tippu Tip, ashuke kwenye ua wa soko, apotee vichochoroni kadiri atakavyo. Kisha siku zilizobaki, zote, ziwe za Pemba: siku nne au tano katika nyumba ndogo ya pwani ya kaskazini, ingawa itawagharimu, na zilizosalia Wete kwa bei ya kawaida, pamoja na siku moja ya Misali. Watazame mwezi kabla ya kuweka tarehe, siku za pwani ziangukie maji mafu. Mwalimu ana sababu nyingi kuliko mke wake, na nyingi ni nzuri. Lakini milango iligongwa usiku kwa miaka 22 wakati yeye amelala.

Tuliwaandikia haya kabla ya kuyachapa, tukaomba ruhusa. Bwana mwalimu amejibu kwamba akubali, ila aomba siku nne za Mji Mkongwe badala ya tatu. Mama aliongeza swali moja chini ya ukurasa: simu yashika huko Pemba? Tulimjibu kwamba yashika. Ametuandikia tena, akisema kwamba yake ataiacha kwa dada yake.